Mfalme wa Mlimani Anakufa Tena

Vita nilivianzisha mimi, na mpaka leo sijaomba radhi.

Nilikuwa nafundisha historia katika sekondari moja kule Engutoto, na yeye alihamishiwa kwetu kufundisha jiografia. Ni mtoto wa Ngarenaro. Kwao wana karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, ni Waislamu wa tangu enzi, na babu wa babu yake alikuja na misafara ya wafanyabiashara kutoka Pangani, akachoka, akabaki. Hilo la kuchoka nilisimuliwa na yeye mwenyewe siku yake ya kwanza, kwenye chai ya saa nne, huku akitia sukari kwenye kikombe kama anayechanganya zege.

"Yule mzee angekuwa na miguu mizuri kidogo," akasema, "mji wote huu ungekuwa wetu. Saa hizi mngekuwa mnatulipa kodi."

Walimu wengine walicheka, wakaendelea na chapati zao. Mimi sikucheka. Mimi ni Mmeru wa juu ya Maji ya Chai, nimekulia kwenye kahawa na migomba, Mlutheri kwa kuzaliwa na mbishi kwa hiari yangu. Nilimwambia kwamba babu yake angethubutu kupanda kuelekea kwetu, angekutana na mfalme aliyebatizwa, mwenye jeshi la waimba kwaya, na angerudishwa Pangani akiwa juu ya machela. Akauliza, mfalme gani huyo? Nikamjibu, huyo ambaye angekuwepo kama wamisionari wangewahi kufika na mambo yakaenda vizuri. Akasogeza sahani ya chapati katikati ya meza, akasema, "Haya. Huu ndio mlima."

Tukaanza. Tuliwekeana sheria, kwa sababu uongo usio na sheria ni wa walevi. Miujiza hairuhusiwi: malaika hawashuki, majini hawatoki. Kila unachotunga lazima kiwe kitu ambacho kingeweza kutokea kwa watu tunaowafahamu, wenye tabia tunazozijua. Anayeshindwa kuutetea uongo wake anaosha vikombe vya walimu wote. Mwanzoni niliosha vikombe vingi sana, maana mwenzangu alijua mito, pepo na mvua, nami nilijua tarehe tu.

Usultani wake ulikaa Ngarenaro, kando ya mto, wenye ikulu ya mawe na mageti mazuri kupita kiasi. Ufalme wangu ulikaa mlimani, kuanzia Maji ya Chai kupanda juu hadi msituni. Mfalme wangu hakuwa na hazina, kwa hiyo jeshi liliendeshwa kwa mnada wa baada ya ibada: Jumapili waumini wanaleta kuku, mayai na mikungu ya ndizi, inanadiwa pale nje ya kanisa, na kinachopatikana kinanunua mishale. Mwenzangu alisema jeshi la namna hiyo linaweza kushindwa kwa sababu tu ya Jumapili ya mvua. Nilibisha, lakini moyoni nilijua amenipata, kwa sababu minada ya Jumapili za mvua nimeiona.

Kuhusu majasusi, hapo ndipo nilipomgaragaza. Maji ya kwetu yana madini yanayopaka meno rangi ya kahawia. Aliyekulia kule anajulikana akicheka. Nikasema walinzi wa mfalme hawakuhitaji kuuliza neno la siri. Wanakwambia, "Hebu cheka," ukionyesha meno meupe unakamatwa. Alinitazama mdomoni, mimi ambaye nilishazoea kucheka nimefunga midomo, akasema, "Basi wewe huwezi kuja kupeleleza kwetu." Nikamwambia, "Sihitaji. Wewe unaniambia kila kitu." Siku hiyo aliosha vikombe yeye, na mimi nilicheka mdomo wazi mbele ya watu.

Aliwahi kunirudishia. Nilipopanga nguruwe wa kwetu kando ya mto kuwa kikosi cha mpakani, alilalamika wee, kisha akatulia, akachora mlima kwa chaki. "Mchana upepo unapanda mlima," akasema. "Mnalijua hilo, au mnalima tu? Siku ya Idi, sultani anapika pilau viwanjani, sufuria kwa sufuria. Ikifika alasiri harufu iko kwenye migomba yenu. Jioni huna jeshi." Nilitafuta hoja mpaka kengele ikalia. Sikuipata, kwa sababu tangu utoto nimeona Walutheri wa kwetu wakishuka mlima siku ya Idi wamevaa mashati ya kanisani.

Ila kitu kilichotuzuia kabisa kumaliza vita kilikuwa nyama. Huku kwetu mtu akiwa na shughuli ya maana, iwe harusi, kipaimara au Krismasi, anamtafuta Mwislamu aje kuchinja, ili mgeni yeyote atakayefika ale bila kuuliza. Hakuna aliyetulazimisha. Ndivyo tunavyoishi, na Mkristo anayejichinjia mbuzi wa harusi anaonekana amekosa adabu. Sasa uko vitani na Waislamu: Krismasi unachinjiwa na nani?

"Mfalme wako atakula majani ya maboga," mwenzangu akasema.

Ikabidi nitunge mapatano. Kila Desemba vita vinasimama, wachinjaji wa sultani wanavuka mto na visu vyao, wanapokelewa na tarumbeta za kanisa, wanazunguka boma kwa boma, wakimaliza wanasindikizwa hadi mpakani na paja la ng'ombe begani.

"Yaani adui anaingia kwako na kisu mkononi, nawe unampigia tarumbeta?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, hivyo si vita."

"Ndivyo vyetu," nikamwambia, na nilikuwa nimeudhika kweli, kana kwamba amemtukana mtu wa ukoo.

Nilimpenda. Sina haja ya kuzungusha maneno. Nilimpenda kwa sababu alibishana nami kama mtu anayetaka nishinde, na kwa sababu alipokuwa hayupo shuleni chai ya saa nne ilikuwa chai tu. Yeye alikuwa ameshanipenda siku nyingi, alisema, tangu ile siku ya meno. Tukajikuta tumeingiza kwenye historia yetu binti wa mfalme na mtoto wa sultani, bila hata mmoja kumwambia mwenzake kwa nini. Na hapo ndipo mchezo ulipoanza kuniumiza.

Kwa sababu kulikuwa na mfalme. Mfalme wangu, nilipomtazama vizuri, alikuwa na kofia ya baba, fimbo ya baba na kikohozi cha baba cha kukuonya kwamba anakuja. Baba ni mzee wa kanisa. Tangu nikiwa mdogo nimemwona akiketi kwenye benchi la wazee mbele kule, akitazamana na usharika mzima, akiwajua kwa majina waliochelewa. Na kwenye usharika wetu wa mlimani, anayeolewa nje ya kanisa anatengwa: jina lake linazungumzwa kwenye kikao cha wazee, linasomwa ibadani, na hakaribii meza ya Bwana mpaka atakaporudi kundini. Baba aliketi kwenye vikao hivyo. Amewasoma watoto wa watu. Mimi kuolewa na huyu mtu kulimaanisha baba anisome mimi, au avunje kitu alichokishikilia maisha yake yote. Na bila ridhaa yake nilijua siendi. Ningeweza kupanda gari nikaenda kufunga ndoa ya serikali bomani siku yoyote, lakini mimi si mtu wa kuolewa huku baba yangu amenigeuzia mgongo.

Basi tulijaribu kumwozesha binti wa mfalme. Tulijaribu kwa kila njia. Kila tulipofika kwa mfalme, hadithi ilikwama. Sheria ilisema kisitungwe kitu ambacho mtu hangeweza kukifanya, na kila mmoja wetu alipojaribu kumfanya mfalme akubali, mwingine aliinua kidole: "Huyu? Huyu hakubali." Ikabaki njia moja. Tulimuua. Mara ya kwanza tulimwangushia mgomba wakati wa upepo. Mara nyingine alizama kwenye mfereji alipokwenda kukagua zamu za maji. Tukamuua kwa furaha mnadani. Tukamuua kwa pilau, alipojivika kanzu na kushuka kwa siri kuionja, akala hadi mwisho wake. Akishakufa tu, harusi inafungwa vizuri, tarumbeta na dufu pamoja. Tulicheka sana. Nikirudi nyumbani Jumamosi na kumsalimia baba shikamoo, sikuweza kumtazama.

Jambo moja sikulijua wakati ule. Kwao Ngarenaro, mwenzangu alikuwa anaisimulia hadithi yote. Jioni mafundi wakishazima mashine anawakalisha, na wana upande, na wanagombana kuhusu nguruwe. Mimi kwetu nilikuwa sijatamka hata neno moja.

Nilimwambia baba ukweli siku ya kuchuma kahawa, tukiwa tumepeana migongo, kila mmoja na mti wake. Nilisema ni nani, anatoka wapi, anaswali wapi. Mikono yake iliendelea kuchuma.

"Mama," akasema mwishoni. Baba huniita mama jambo likiwa zito. "Waje. Lakini kuja si kukubali."

Mama, ambaye ni Mwarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima na hana subira na watu wanaofikiri polepole, aliyachukua yale maneno kama kibali kamili. Alinunua sufuria mpya ambazo hazijawahi kuona nguruwe. Nguruwe wenyewe aliwaswaga wakalazwe kwa jirani siku hiyo. Akampata mchinjaji wa Maji ya Chai, yule anayechinja shughuli zote za mteremko wetu, akamsisitizia asichelewe. Mbuzi alifungwa kwenye mparachichi, mweupe, mnene, na alikuwa na sura ya kujua kila kitu.

Alichosahau mama ni kumwonya kaka yake.

Mjomba wangu ni mfugaji, Mlutheri mzuri tu, lakini kwa Waarusha mgeni wa heshima hachinjiwi mbuzi kwa kumkata shingo damu ikamwagika ovyo. Mbuzi wa heshima anazibwa pumzi kwa mikono, taratibu, ili damu ibaki yote ndani na mgeni apewe mnyama kamili. Alifika saa sita na nusu mchana na fimbo yake na shuka yake, akaona mbuzi amefungwa, mchinjaji hayupo, wageni wako njiani, na dada yake yuko jikoni anahangaika. Akaamua kusaidia. Nilipotoka nje kumwaga maji, mbuzi alikuwa amelala chini ya mparachichi ametulia kabisa, na mjomba anajifuta mikono, ameridhika.

"Hata tone halijamwagika," akaniambia.

Nilipiga yowe. Mama alitoka, akaona, akaketi chini palepale na mwiko mkononi. Nyama ile sasa ni kibudu, Mwislamu hawezi kuigusa. Na hata sisi, ukisoma vizuri, kilichonyongwa hakiliwi, ni vile tu hatusomi vizuri. Mjomba alikuwa hajaelewa. Alipoelezwa, alisikitika kweli, akaanza kutueleza namna ya kumkata mbuzi shingo sasa hivi, haraka, nani atajua? Ndipo tukasikia honi.

Walikuja kwenye gari moja, Noah: baba yake mkubwa, mzee mwembamba wa kofia iliyonyooshwa, shangazi yake, mwanamke mnene wa khanga nzuri na macho yasiyokosa kitu, na yeye mwenyewe, sultani wangu, amevaa koti lililomzidi mabega. Salamu zikaenda, shikamoo kwa marahaba, asalaam aleikum kwa Bwana asifiwe, kila mmoja akiitikia ya mwenzake kwa bidii. Katikati ya salamu, bodaboda ikaingia na mchinjaji, kisu kimefungwa kwenye gazeti. Akamtazama mbuzi. Akamtazama mjomba.

"Naona mmeshaniwahi," akasema, na watu wote wakageuka kutazama mparachichi.

Baba alitaka ardhi immeze. Namjua: kwake, wageni kukaa bila nyama nyumbani mwake ni aibu ya kukumbukwa na wajukuu. Alianza kueleza, akashindwa. Baba mkubwa wa mwenzangu, Mungu ambariki kwa uungwana wake, akainua mkono.

"Mzee, usijisumbue. Bahati nzuri sisi leo wote tumefunga."

Ilikuwa saa saba mchana, na shangazi alikuwa ameshamaliza nusu ya ndizi mbivu aliyopewa na mama mlangoni. Aliacha kutafuna. Hakuitema, hakuimeza. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, mdomo wazi, na shangazi akafuata, na mwishowe baba mkubwa mwenyewe akajifuta uso kwa kofia yake akisema Mwenyezi Mungu amsamehe.

Tulikula loshoro. Mama aliileta kwenye zile sufuria mpya: ndizi na mahindi vilivyopondwa na maziwa mgando, chakula chetu cha kila siku ambacho hakuna anayempa mgeni wa posa. Shangazi aliongeza mara ya pili, kisha akauliza inapikwaje. Mjomba, kwa toba, aliwahudumia maji ya kunawa wote mmoja mmoja. Baba alikaa kwenye kiti chake na hakuonja kitu. Nilimwona jinsi alivyokuwa anahesabu jambo lingine kichwani, si mbuzi.

Shangazi, sasa ameshiba na amewapenda wenyeji wake, alimtazama baba sana, akamgeukia mpwa wake.

"Kumbe ndiye huyu? Huyu ndiye mfalme mnayemuuaga?"

Mwenzangu aliangalia viatu vyake. Mimi nilitaka nilale pale chini ya mparachichi.

"Mfalme gani?" baba akauliza.

Nilijibu mimi. Nilimweleza yote, nimesimama katikati ya sebule kama mwanafunzi aliyekamatwa: usultani, ufalme, mnada, meno, pilau. Nilipofika kwa binti wa mfalme, sauti ilinipungua. Baba mkubwa, aliyekuwa anaijua hadithi kuliko mimi, alisaidia sehemu nilizoruka.

"Huyo mfalme anakufaje?" baba akauliza.

"Anaangukiwa na mgomba, baba."

"Mgomba hauui mtu. Labda alikuwa amelewa."

"Kuna na ya mfereji," shangazi akasema.

"Mfereji upi?"

"Huu wa juu," nikasema.

"Huu wa juu maji yake hayafiki magotini." Alikuwa anauliza kama anavyouliza kwenye kikao, bila haraka, na kuna wakati niliona kabisa kona ya mdomo wake inacheza. "Na nyingine?"

"Pilau, baba. Ulikula nyingi." Nilijikwaa hapo. Nilisema ulikula badala ya alikula, na kila mtu alisikia.

Baba alivua kofia yake akaiweka gotini. Mzaha ulikuwa umeshamtoka usoni.

"Na ipo ambayo anakubali?"

Nilimtazama mwenzangu. Hakunisaidia, na hakupaswa.

"Hapana, baba."

"Hata moja?"

"Tulijaribu. Hatukuweza kumwona akikubali."

Aliitikia kwa kichwa, pole pole, mara kadhaa. Nimemwona baba kwenye misiba mingi na sijawahi kumwona na uso ule. Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia, kwa sababu nilielewa kilichomchoma si kufa. Ni kwamba binti yake, anayeweza kutunga ufalme mzima kutokana na chapati, alikuwa ameshindwa kumtunga yeye akiwa mwema.

"Mnataka abadili dini?" akamuuliza baba mkubwa.

"Dini yetu inamruhusu kijana kumwoa mtu wa Kitabu, naye akabaki na yake," mzee akajibu. "Shangazi yake ndiye anayetaka abadili. Lakini shangazi anataka mambo mengi."

"Nataka, sikatai," shangazi akasema.

"Na mimi nataka kijana abatizwe," baba akasema. "Kwa hiyo tumetoka sare." Akavaa kofia yake. "Mimi bado nipo. Sijaangukiwa na mgomba wala sijazama popote. Nimeketi hapa, nimesikia, na sipendi. Lakini waende bomani, kila mtu abaki na kanisa lake na msikiti wake, na watoto wasikatazwe kuja kwangu." Kisha akamwambia mama amletee loshoro, na alipoipata alilalamika kwamba imepoa.

Tulifunga ndoa bomani. Mchinjaji alifika mapema kuliko bibi harusi, na mjomba alikatazwa kabisa kukaribia mifugo.

Kikao cha wazee kilipokaa kuzungumza jina langu, baba aliwaambia wenzake kwamba yeye hana la kusema na hatapiga kura, akatoka akawasubiri nje. Nilisomwa. Sikwenda Jumapili hiyo. Nilikwenda iliyofuata, ya meza ya Bwana, kwa sababu mimi ni mbishi, na kwa sababu nilitaka kuimba. Nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, wanapokaa waliotengwa na wenye watoto wanaolia. Walipoanza kwenda mbele, benchi kwa benchi, nilitazama sakafu ili nisione migongo ya watu wote ninaowajua wakiniacha.

Nikasikia kikohozi. Baba alikuwa ametoka kwenye benchi la wazee. Alipita katikati ya kanisa akielekea upande usio wake, akipishana na watu wanaokwenda kupokea, wengine wakisimama kumtazama, akafika nyuma, akakaa pembeni yangu. Hakwenda mbele kupokea siku hiyo. Nililia, na sikuficha.

Wimbo ulipokuwa umepanda vya kutosha, aliinama sikioni kwangu.

"Huyo mfalme," akanong'ona, "alipokubali, baada ya hapo alifanya nini?"

Nikamwambia sijui. Sisi hatukuwahi kufika huko.

"Basi tunga," akasema, "halafu sogea kidogo, hapa pana msumari."